Ukija Mombasa kubali kutumwa dukani

Disemba ikikaribia simu yangu haipumziki. Marafiki, marafiki wa marafiki, mtu tulisoma naye zamani na hatujasemezana miaka, wote swali ni lile lile, "niko na siku nne Mombasa, niende wapi?" na nikianza kujibu nagundua mtu ashajipangia kila kitu, Fort Jesus, yale matao ya pembe za ndovu pale Moi Avenue, Haller Park, ufuo wa Pirates, jioni mishkaki, selfi, kwisha, na anachotaka kwangu ni kuambiwa ndio, umepanga vizuri. Haya, umepanga vizuri. Lakini kuna wengine wachache huuliza tofauti, husema nataka kuijua Mombasa vile nyinyi mnaijua, si kuzungushwa tu. Hii posti ni ya hao, manake nimechoka kurekodi voisi noti ndefu kwa kila mmoja.

Mimi ni mtoto wa Kuze, Mji wa Kale. Kwetu kuna chumba cha juu ambacho mama hukodisha wageni, na chini kwenye baraza yeye hupika mahamri ya kuuza asubuhi. Kwa hivyo nimekua nikiona watu wa kila aina wakipanda na kushuka ile ngazi, Wazungu, Wajapani, Watanzania, watu wa Nairobi na Kisumu na Meru, na mie kazi yangu ilikuwa kuwasoma tu. Anayeondoka akiwa ameionja Mombasa yenyewe si lazima awe yule aliyekaa sana. Wala si yule aliyesoma kila kitu kwenye intaneti akaja na ratiba imeandikwa saa kwa saa. Wala mwenye kamera ya bei. Ni yule aliyekubali kutumwa dukani.

Sasa ngoja nieleze kabla hamjanicheka. Majumbani kwetu mtoto akionekana amekaa tu hana shughuli, hutumwa. Nenda kaniletee nazi, nenda kwa jirani mwambie anipe sinia langu, pita Marikiti uone kama ndimu zimeshuka bei. Mgeni wa heshima hatumwi. Mgeni huwekwa sebuleni akawashiwa feni akaletewa sharubati, na hapo ndipo watalii wengi huishia maisha yao yote, kwa sababu hoteli ni sebule tu iliyotandikwa vizuri, unaangalia bahari, unaletewa, unalipa, unaondoka. Sisemi ni vibaya, mtu amechoka na kazi ataka kulala, alale. Ila huwezi kujua nyumba ya mtu ukiwa umekaa sebuleni tu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na watu huichukua kama kejeli, eti mgeni amekaa sana sasa afukuzwe kwa kazi. Mie siioni hivyo. Ukipewa jembe ushakuwa wa hapo. Na mjini jembe hakuna, kuna mbuzi ya nazi.

Kulikuwa na dada mmoja kutoka Kericho alikuja peke yake likizo, mpole, muda mwingi yuko juu anasoma kitabu. Asubuhi moja akashuka mapema akamkuta mama amezidiwa, msaidizi hajaja, na mama hakufikiri mara mbili. "Mwanangu, wajua kukuna nazi?" Hajui. "Njoo ujue." Akakalishwa kwenye mbuzi, ukikaa wakaa upande huku miguu umeikunja, kifuu umekishika kwa mikono miwili wakizungusha kwenye meno ya chuma taratibu, na kazi yote iko katika kujua uishie wapi, manake ukikuna mpaka ukafika kwenye ile ngozi ya kahawia tui latoka jeusi na mbaazi hazitamaniki. Nazi ya kwanza alikuna kama yuapigana. Mama akamshika mkono akampunguza kasi. Halafu akafundishwa kukamua, tui la kwanza lile zito lawekwa kando, ndilo la kumalizia, la pili jepesi ndilo la kuchemshia mbaazi zilizolowekwa tangu usiku. Unga wa mahamri ulikuwa umekandwa jana yake na tui na iliki na hamira ukafunikwa kitambaa ukaumuka. Mama akasukuma, akakata, akatia kwenye mafuta, na yule dada kazi yake ikawa kuyamwagia mafuta kwa juu na upawa mpaka yafure. Lisilofura mama hauzi, hulila mwenyewe na chai, na siku hiyo alikula mengi.

Kisha iliki ikaisha, akatumwa dukani.

Duka lenyewe liko karibu sana, ukitoka kwetu wakata kona mbili umefika. Dada wa watu akachukua muda hadi mama akaanza kuuliza kulikoni. Kumbe njiani amepita mbele ya baraza ya wazee akasalimia ikabidi asimame, akaulizwa katumwa na nani, akasema mama wa mahamri, akaulizwa wa wapi, Kericho, kuna mzee mmoja aliwahi kufanya kazi kwenye majani ya chai huko miaka hiyo, basi hapo ushajua hakuna tena haraka. Dukani nako akakuta wanawake wawili wazungumzia harusi ya wiki ijayo, wakamuingiza kwenye mazungumzo, akarudi na iliki na habari za mtaa mzima, nyingine mimi mwenyewe nilikuwa sizijui. Jumamosi yake akaenda harusini nao.

Nimefikiria sana kwa nini ile kitu hufanya kazi. Nadhani ni kwa sababu mtu aliyetumwa ana sababu ya kuwa pale. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, mgeni akipita anazubaa huku akiangalia milango ya nakshi na roshani, kila mtu yuamwona, wenye maduka ya vinyago wamuita "jambo! jambo!", salamu ambayo sisi kwa sisi hatupeani, sisi ni wambaje na salama, au sabalkheri, au shkamoo kwa mkubwa. Watoto wamfuata. Kijana wa kutembeza watalii ajipachika ubavuni na kuanza historia ambayo nusu yake kaitunga njiani. Lakini mtu yule yule mpe mfuko wa nazi mkononi apite hapo hapo, hakuna atakayemsumbua, ataulizwa tu "nani kakutuma?" na akijibu imeisha, ashajulikana ni wa nyumba gani. Watu hawana tena haja ya kumuuzia kitu. Na mtu asiyekuuzia kitu ndiye atakayekuambia ukweli.

Najua mtakachosema, siku chache, muda hakuna. Basi niwape kisa cha babu wa wasafiri wote. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alipita Mombasa mwaka 1331 akielekea Kilwa na alilala hapa usiku mmoja. Mmoja! Na kwa usiku huo mmoja aliandika kwamba watu chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki, kwamba nafaka yaletwa na majahazi kwa sababu kisiwani hailimwi, kwamba misikiti ni ya mbao na imejengwa kwa ufundi, kwamba kila mlango wa msikiti una kisima kifupi na chombo cha mbao chenye mpini wa kutekea maji, na mtu huosha miguu kabla ya kuingia na kuna kitu kizito mlangoni cha kujifutia. Wewe fikiria hayo ya mwisho. Huwezi kujua cha kujifutia miguu ukiwa umesimama ng'ambo ya barabara na simu. Yule bwana alivua viatu, akateka maji, akaosha miguu, akaingia akaswali na watu, ndipo akajua. Leo mtu apita mbele ya Msikiti wa Mandhry, wa mwaka 1570 huo, apiga picha mnara, aenda. Kama si Muislamu usiingie tu kichwa kichwa, uliza, ukiambiwa hapana sema asante, lakini hata kuuliza kwenyewe kutakufungulia maneno ambayo mnara hauwezi.

Tena si kila aliyekuja na chombo alikuwa msafiri wa namna hiyo. Vasco da Gama, yule nahodha Mreno, alitia nanga hapa Aprili 1498, hakuwaamini watu na watu hawakumwamini, akang'oa nanga akaenda zake Malindi. Wareno wenzake waliporudi 1505 wakiongozwa na Almeida waliupora mji na kuuchoma moto. Kwa hivyo tumezoea wageni wa aina zote, msione tunawaangalia mkifika, twataka kujua nyinyi ni wa fungu lipi.

Fort Jesus nendeni, nisije nikanukuliwa nimesema ni upotezaji wa muda. Ngome ile Wareno walianza kuijenga 1593, aliyeichora ni Mtaliana Giovanni Battista Cairati, na Waomani walipotaka kuwatoa ilibidi waizingire kuanzia Machi 1696 hadi Disemba 1698, karibu miaka mitatu, waliokuwa ndani wengi waliuliwa na maradhi kabla ya risasi. Tangu 2011 iko kwenye orodha ya UNESCO. Hayo yote mtaambiwa mlangoni. Lakini kitu ambacho watu hupita mbio ni kwamba kuanzia 1895 mpaka 1958 ile ilikuwa jela ya Waingereza, na 1958 si zamani, hapa mtaani kuna wazee waliokuwa watoto wakati huo, wakipita hapo kwenda chuoni, yaani madrasa, huku wakijua ndani kuna wafungwa. Mimi ningekwambia ukitoka ndani usikimbilie teksi. Kaa pale nje jioni watu wakija kupunga upepo, kuna wauza juisi ya miwa, mabuyu, maembe mabichi yametiwa chumvi na pilipili, na ukipata mzee anayependa maneno muulize jela, usimuulize Wareno. Wareno ni wa kwenye kibao, jela yeye ana lake la kusema.

Kwa wanaume njia rahisi ni kahawa. Baada ya swala ya Magharibi muuza kahawa ashatulia na dele lake la shaba juu ya makaa, kahawa tungu, tangawizi, vikombe vidogo visivyo na mkono, na wale wanaotembeza utawasikia kabla hujawaona kwa sababu huvigonganisha vikombe vikalia. Kaa kwenye baraza, agiza, kula kashata au tende, nyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo huwashinda wageni, wamekaa dakika mbili washaanza maswali kama polisi, unalipwa ngapi, una watoto wangapi, siasa yaonaje. Ngoja uulizwe wewe. Utaulizwa, usijali, wa wapi, mtoto wa nani, waja kufanya nini, na ukijibu kwa ukamilifu si kwa neno moja, hapo baraza yafunguka, mpira, bei ya nguru, nani kauza nyumba ya urithi na ndugu zake hawajui. Ukiondoka lipia na kahawa ya mzee aliyekaa karibu nawe, hela ndogo sana, kesho ukipita utaitwa.

Wanawake tuna mlango wetu, na kusema kweli ndio mlango mtamu zaidi. Ile harusi aliyokwenda dada wa Kericho, alipofika mlangoni simu ikachukuliwa ikawekwa kwenye kapu na za wenzake, kwa sababu ndani wanawake wamevua mabuibui, wamejipamba, hakuna mtu ataka picha yake izunguke. Alisema mwanzo mikono haikujua iende wapi. Akachorwa hina, akala biriani sinia moja na watu asiowajua, akafundishwa kupiga vigelegele, akacheza mpaka leso ikamvuka. Hana picha hata moja. Mtu wa kuhesabu laiki ataona amepoteza siku. Yeye mpaka leo akimpigia mama simu huulizia bibi harusi amejifungua nini, na mama humjibu, halafu humuagiza, "ukija niletee majani ya chai na waru," vile viazi vya bara. Bado atumwa, tena kutoka mbali huko.

Nikizungumzia leso, ukienda kununua Biashara Street mwambie muuzaji akusomee jina, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla hujalipa. Kuna mgeni wetu mmoja wa kiume, mwenye nia njema kabisa, alichagua rangi nzuri ya zambarau akamletea jirani yetu zawadi, kumbe maandishi yake ni yale ya kumsuta mwanamke mwenzio anayekunyemelea mume. Jirani hakulala na swali, aliita mtaa mzima kuja kuisoma.

Halafu pandeni matatu jamani. Najua tuktuk ni raha na bodaboda yafika haraka, lakini matatu ndiyo utasikia mji. Panda ya kwenda Bamburi, kaa dirishani, makanga atakubana na mama mwenye beseni la samaki, mtavuka Daraja la Nyali, na mbele kidogo utasikia "Kengeleni! kushuka Kengeleni!" Kengele yenyewe ipo pale njia panda, kwenye nguzo zake. Hapo ndipo palipokuwa Frere Town, kijiji ambacho wamishenari wa Kianglikana walianzisha 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, na kengele ilikuwa ya kuwatahadharisha wakisikia wenye kuwinda watu waja. Vizukuu vya watu wale wako mpaka leo Kisauni na mitaa ya hapo karibu. Basi za hoteli hupita hapo madirisha yamefungwa, kiyoyozi kimewashwa, zaelekea ufuoni, na wenyewe ndani wamekuja Afrika kutafuta historia. Mwanafunzi aliyeshikilia mlango wa matatu aijua vizuri kuliko kijitabu chao.

Na Likoni. Huwezi kusema umefika Mombasa kama hujavuka feri kwa miguu, ni bure, na saa nzuri ni asubuhi, wakati ng'ambo yote yaja kisiwani kazini. Pale kwenye mteremko watu ni wengi hadi wewe huamui uende wapi, waenda wanakokwenda. Wafanyakazi wa bandarini, wanafunzi, akina mama wa Kidigo na mizigo ya mboga na mihogo, kuku, baiskeli, mikokoteni na wenye kuisukuma wakipiga kelele watu wapishe. Mara nyingine yote husimama kwa sababu meli kubwa yaingia bandari ya Kilindini na feri haina la kufanya ila kungoja, na unaiona ile meli ikipita karibu kabisa, ndefu kama mtaa, imebeba makontena ya nchi tano, na hakuna mtu hata mmoja anayeinua kichwa isipokuwa wewe. Simu iache mfukoni, picha hazitakiwi pale. Ukifika ng'ambo kunywa chai kibandani, rudi. Si lazima uende ufuoni Diani.

Sasa kuna kundi moja nataka kulisema na najua kuna atakayeudhika. Ni wale wanaojiita wasafiri. Waja na begi la mgongoni, wawacheka watalii wa hotelini, wao wataka maisha halisi, wataka kula wanachokula wenyeji, vizuri sana, halafu wamkuta mama wa viazi karai wapigania shilingi ishirini mpaka jasho lawatoka, eti wataka bei ya mwenyeji. Ndugu yangu, mwenyeji hapewi bei ya mwenyeji kwa sababu ya uhodari wa kubishana. Hupewa kwa sababu juzi mama alikuwa mgonjwa akaenda kumwangalia, kwa sababu mwanawe na mwana wa mama wasoma chuo kimoja, kwa sababu kulipokuwa na msiba alibeba maji. Punguzo lile lalipiwa kwingine. Wewe umefika jana na kesho waondoka, utalipia wapi? Bora mtalii wa Nyali, yule anajua yeye ni mtalii, alipa alichoambiwa, aacha bahashishi, mhudumu apeleka watoto shule. Hao wa begi wengine hukaa kwetu, huomba kila kitu kiwe kama kwa familia, chakula bure kama familia, kufuliwa kama familia, ukiwaambia basi shika ufagio nawe kama familia, ghafla wao ni wageni.

Ndio maana nasema kutumwa. Yule aliyekubali kutumwa hana haja ya kuomba chochote, mama mwenyewe atamfungia mahamri ya safari na atakataa pesa. Na hilo mtalichoka nalo pia, kukataliwa pesa, msilazimishe, nunua sukari kilo mbili uache jikoni bila kusema.

Kwa watu wa bara, maana ndio wengi wanaoniuliza. Nyinyi mnadhani kwa sababu ni nchi yenu hamwezi kuwa watalii. Mwaja na treni ya SGR, ile ya reli mpya, imeanza 2017, asubuhi uko Nairobi mchana uko stesheni ya Miritini, Nairobi nzima imehamia Pirates Disemba, mwaogelea na majirani zenu, mwala chipsi kuku ile ile ya nyumbani, mwarudi na mchanga kwenye viatu. Jaribuni kuja na basi la mchana angalau mara moja. Mtito Andei mnashuka kunyoosha miguu, Voi joto laanza, Mariakani minazi yaonekana, Mazeras hewa ishabadilika, ushaanza kuvua sweta, na ukifika umefika kwelikweli, si kushushwa. Halafu Kiswahili chenu msione haya nacho. Watu hapa watawacheka kidogo, ni kweli, sisi hucheka, lakini kucheka huko ndiko kuwafundisha, na mkikaa kimya au mkikimbilia Kizungu mtahudumiwa kama Wazungu, hadi bei.

Ushauri mwingine ambao naona vitabu vya utalii vyasema kinyume: njooni Ramadhani. Mwaambiwa msije, mikahawa imefungwa. Mchana kweli mji umelala, na ukiwa hufungi kula ndani kwako, usitembee na chupa ya soda barabarani, ni adabu tu hakuna atakayekupiga. Lakini kuanzia alasiri, lo! Barabara zote za Marikiti na Mwembe Tayari zajaa meza, kaimati, vitumbua, sambusa, katlesi, mkate wa mayai, mkate wa sinia, tambi za sukari, viazi karai vyatolewa mafutani vikiwa vya manjano na ukwaju pembeni, watu wanunua huku wakiangalia saa. Kisha adhana yalia na mji mzima wanyamaza kwa wakati mmoja, barabara tupu, hata matatu huzioni. Kama umemjua mtu hata mmoja tu, kama umetumwa dukani hata mara moja, siku hiyo hutakuwa barabarani, utakuwa umeitwa ndani kufuturu, na usipokwenda ndio utakuwa umekosea. Baada ya Tarawehe watu hawalali, watoto wako nje, kahawa zaendelea, mpaka daku.

Mengine ni madogo madogo. Aprili hadi Juni ni masika, mvua ya kweli, vichochoro hujaa maji, lakini wageni hakuna na watu wana nafasi ya kukaa na wewe. Kusi likivuma bahari huchafuka na samaki hupanda bei, kaskazi joto ni kali usiku hulali bila feni, chagua shida yako. Ukiwa Mji wa Kale vaa nguo ya kufunika magoti na mabega, mwanamke na mwanamume. Mtu mwenye buibui usimpige picha, wala watoto bila kuuliza mkubwa wao. Watoto wakikuomba pesa usiwape, wasalimie, waulize wasoma chuo gani, wengi hukimbia wenyewe. Shkamoo kwa kila mzee, hata kama ndio mara ya nne mnakutana siku hiyo.

Na msije kwetu mkamwambia mama mmesoma hapa mwataka kutumwa. Ashaniuliza nini hiki ninachoandika kila usiku taa ikiwaka, nikamwambia nawaeleza watu kuhusu Mombasa, akasema waambie pia maji ya mfereji huja siku za kubahatisha, wakiona ndoo imejaa bafuni wasimwage.